Yuda wa Mchezo na Yuda wa Evanjili



Kila mwaka, Juma Kuu likikaribia, vijana wa parokia nyingi hutengeneza mchezo wa Mateso ya Bwana wetu Yezu Kristu. Kazi ya kwanza ni kugawa watu: nani atakuwa Petro, nani Pilato, nani Yuda. Mimi pia nimefanya kazi hiyo, na mwaka mmoja nilikosa. Nataka kuwaeleza kosa langu, maana limenifundisha jambo kubwa juu ya hadithi, teatro na sinema.

Vijana wote walikataa kuwa Yuda. Basi nikamchagua mtu mmoja aliyesemwa vibaya kijijini kwa sababu ya deni asilolilipa. Nilijisemea moyoni: huyu watamsadiki upesi. Tulimpaka masizi usoni, tukamvika nguo mbovu, tukamfundisha kunyemelea kama mwizi wa kuku. Watu walicheka sana, nami nikadhani mchezo umefaulu. Lakini Pasaka ilipopita, jina la Yuda lilimganda. Watoto walimwita hivyo njiani. Kisimani mke wake akawa mke wa Yuda. Yule mtu akaacha kuja Misa.

Bila shaka nilikosa katika mapendo. Je, katika ukweli sikukosa? Tufungue Evanjili tutazame.

Yuda wa Evanjili hana masizi usoni. Ni mmoja wa wale Kumi na Wawili, tena ndiye aliyeaminiwa kutunza mfuko wa fedha. Usiku wa mwisho alikaa mezani pamoja na wenzake, akaoshwa miguu kama wao. Bwana aliposema kwamba mmoja wao atamtoa, hakuna aliyemnyoshea Yuda kidole. Matayo anasimulia kwamba walihuzunika, wakaanza kuuliza, kila mtu kwa nafsi yake, kama ni yeye. Hata alipotoka nje gizani, Yoane anatuambia kwamba wengine walidhani ametumwa kununua vitu vya sikukuu, au kuwapa maskini kitu. Na kule bustanini, Bwana alimwita rafiki.

Mnaona tofauti? Katika mchezo wangu, mtoto mdogo alimjua msaliti tangu mwanzo. Kwa hiyo hakuna aliyejiuliza neno. Katika Evanjili, mitume wenyewe hawakumjua. Kwa hiyo kila mmoja alijiuliza. Fedha ni zilezile thelathini, busu ni lilelile, msalaba ni uleule. Lakini kwa kumchora mtu mmoja vibaya, niligeuza maana ya habari nzima. Mahali pa kusema, “Bwana, nihurumie”, watu walirudi nyumbani wakisema, “Asante Mungu, mimi si kama yule.” Na sala ya namna hiyo tunajua ilikuwa sala ya nani hekaluni.

Tena kuna Petro. Usiku uleule alimkana Bwana mara tatu. Yuda naye alijuta, akarudisha fedha, akakiri kwamba amekosa. Kilichowatenga hawa wawili si sura. Mmoja alilia akakubali kusamehewa. Mwingine alikata tamaa. Tukimfanya Yuda shetani tangu mlango wa kwanza, fundisho hilo nalo linapotea, maana hakuna anayesikitika shetani akipotea.

Aristoteli, mwenye hekima wa Wagriki, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristu, aliandika kitabu juu ya ushairi na michezo. Alifundisha kwamba katika mchezo wa huzuni mtu anayeanguka asiwe mwema kabisa, wala asiwe mwovu kabisa. Awe mtu wa katikati, aliyeangushwa na kosa fulani. Kwa nini? Kwa sababu tunamhurumia anayeteswa kupita kosa lake, na tunaogopa tukimwona anayefanana nasi akianguka. Hakuwa mkristu, lakini neno hili aliliona sawasawa.

Nabii Natani alilijua kabla yake. Mfalme Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumwua Uria mwenyewe kwa hila. Natani hakumtaja mfalme. Alimsimulia habari za tajiri mwenye kondoo wengi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyekula chakula chake, akanywea kikombe chake, akalala kifuani pake. Tajiri alipopata mgeni, alimchinja yule mmoja. Daudi akawaka hasira, akamhukumu tajiri, kumbe alikuwa anajihukumu mwenyewe. Angalieni ufundi wa nabii: yule aliyeonewa alimpa sura, na yule mwenye dhambi hakumfanya mnyama, la sivyo Daudi asingejitambua.

Mwingine atanijibu: “Mwalimu, usipompaka mwovu masizi, vijana watapenda uovu. Tazama sinema zao!” Ni kweli, hatari hiyo ipo. Katika filimu nyingi jambazi ana nguo nzuri, ana maneno ya kuchekesha, na ngoma hupigwa kila anapopita. Lakini tazameni vizuri zaidi: mlinzi anayepigwa risasi mlangoni hana jina. Anaanguka, na filimu inaendelea. Mama yake hatumwoni, watoto wake hatuwajui. Kosa la filimu hiyo si kwamba jambazi ni mtu. Kosa ni kwamba yule mlinzi amenyimwa utu. Kueleza sababu iliyompeleka mtu dhambini si kusema hakutenda dhambi. Uovu uchukiwe; mtu atambulikane.

Tusidhani jambo hili ni la watoto. Katika kijiji cha Oberammergau, Ujerumani, watu waliweka nadhiri mwaka 1633 wakati wa tauni, na mwaka 1634 wakaanza kucheza Mateso ya Bwana. Mchezo ule upo mpaka leo, kwa kawaida kila baada ya miaka 10. Lakini kwa muda mrefu Wayahudi walionyeshwa humo kama kundi moja lenye kiu ya damu. Hitler aliutazama mwaka 1934, na baadaye akausifu kwa ajili ya jambo hilohilo. Tunajua Wayahudi walitendwa nini. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Vatikano ulifundisha kwamba yaliyotendeka katika Mateso hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala juu ya Wayahudi wa leo. Wenyeji wa Oberammergau wameyasahihisha maneno ya mchezo wao mara kwa mara, hata Yezu akaonyeshwa akisali kwa Kiebrania, kama Myahudi alivyo.

Na sisi? Katika michezo yetu ya kuchekesha, mwizi ni wa kabila gani kila mara? Mjinga anaigwa kwa lafuzi ya nani? Tunasema ni mzaha tu. Lakini mtoto anayecheka leo anajifunza nani wa kuaminiwa na nani wa kufukuzwa, na siku ya ugomvi atakumbuka.

Nilikwenda kwa yule mtu kuomba msamaha, mke wake akiwapo. Alininyamazia kitambo kirefu, kisha akaniuliza: “Mwalimu, siku ile wewe ulikuwa nani katika mchezo?” Sikuwa na jibu. Mwaka uliofuata nilimcheza Yuda mimi mwenyewe, bila masizi, katika nguo zangu za kila siku, nikiwa nimekaa karibu na Yezu mezani. Hakuna aliyecheka.

Yule ndugu siku hizi huja Misa mara mojamoja, hukaa karibu na mlango. Ninyi mnaotunga na kucheza, kabla ya kumpaka mtu masizi, mkumbukeni.