Oksijeni Nayo Ina Dozi

Wanangu mnaoanza kazi wodini, nisikilizeni kabla mazoea hayajawaingia. Hakuna kati yenu atakayemchoma mgonjwa sindano bila kutazama dozi. Lakini oksijeni naona inafunguliwa tu: mgonjwa anahema, mpira unawekwa puani, koki inazungushwa, basi. Ukifungua faili hukuti lita ngapi, wala hukuti aliyepima kabla na baada. Hilo linaniuma sana.

Oksijeni ni dawa, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ikizidi inadhuru. Someni habari za watoto njiti wa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika hospitali za nchi tajiri walimiminiwa oksijeni bila kipimo, kwa nia njema kabisa. Wengi walipona, lakini mishipa ya damu ndani ya macho ikaota ovyo, na watoto wapatao 10,000 wakapofuka. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa Michigan mwaka 1950, ni mmoja wao. Daktari Kate Campbell wa Melbourne aliandika mwaka 1951 akiinyooshea oksijeni kidole. Huko Washington, daktari Arnall Patz alipowapunguzia baadhi ya watoto ili alinganishe, wapo wauguzi wa usiku waliowafungulia tena kwa kuwaonea huruma. Huruma ya namna hiyo ndiyo ninayoiogopa kwenu.

Mzee aliyeharibiwa mapafu na sigara au moshi wa kuni naye msilazimishe oksijeni ya damu yake ifike asilimia 100. Kwake 88 hadi 92 zinatosha; mkizidisha, hewa chafu hujaa kwenye damu, anasinzia, nanyi mnadhani amepata nafuu. Kipimo cha kidoleni nacho msikiamini kama msahafu. Kidole cha baridi au kucha yenye rangi hukidanganya, na utafiti uliotoka Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa watu weusi mara nyingi zaidi husoma juu ya hali halisi. Kikisema 93 na mtoto mbavu zinabonyea, hawezi kunyonya, mwaminini mtoto.

Sasa ndugu wa mgonjwa. Mtasikia mama akilia, “Msimwekee gesi, mwanangu atakufa!” Msimkemee. Ameshaona mtaani kwake watu waliowekewa mpira wakafa, na hakuna aliyemweleza kwamba walifikishwa wamechelewa, nimonia imeshamaliza mapafu. Kaeni naye. Mwacheni aushike mpira, asikie hewa ikimpuliza kiganjani, aione namba ya kidoleni kabla na baada. Dakika 5 hizo mzitafute hata wodi ikiwa imefurika, kwa sababu mama asiyeelewa atauvua mpira mkigeuza mgongo, na mtoto aliye chini ya 90 hana akiba ya kusubiri.

Kumbukeni pia hatari ya moto: mikono yenye mafuta isiguse koki ya mtungi, na sigara au jiko visikaribie. Aprili 2021 moto ulioanzia kwenye mitungi ya oksijeni katika hospitali ya Ibn al-Khatib, Baghdad, uliua zaidi ya watu 80.

Na jingine, ambalo vijana wengi hulidharau: hesabu ya mtungi. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, ukitoa lita 5 kila dakika, hautimizi saa 23. Ukiwa ulishatumika nusu, ni saa 11 na kidogo. Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani haiishiwi, lakini umeme ukikatika inanyamaza, na mtungi huohuo ndio tegemeo. Basi mkipokezana zamu, someni mshale pamoja, andikeni kilichobaki na saa kitakapokwisha. Mkiona hautafika asubuhi, agizeni mwingine jua lingali juu, wakati mwenye funguo za stoo bado yupo kazini.