Kondoo Ambaye Hakuwa Wangu



Kijana mwenzangu, kuna swali limenikaa moyoni tangu Novemba iliyopita: uongo usiomuumiza mtu yeyote una ubaya gani? Jibu la katekesi nalijua, na wewe unalijua. Lakini kulijua jibu ni jambo moja, kulielewa ni jingine. Mimi nililielewa kupitia kondoo mdogo wa sufu, mdogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja cha mkono.

Wacha nianze mwanzo. Nilipomaliza chuo sikupata kazi, nikaenda kukaa na shangazi yangu Kinangop, chini ya milima ya Aberdare. Kama hujafika huko, jua tu kwamba kuna baridi ya kuingia mifupani. Watu hulima viazi, karoti na kabichi, na wengi hufuga kondoo. Jumamosi moja shangazi alinituma kwa jirani kurudisha debe. Nikakuta akina mama sita na vijana wawili wamekaa uani, kila mmoja na beseni la maji moto, wanasugua kitu chenye povu. Nikauliza ni nini. Shosho mmoja, ambaye baadaye nilijua ndiye mwalimu wao, akanisogezea kigoda. "Keti, mjukuu wangu. Haya mambo hayaelezwi, yanashikwa."

Walikuwa wanatengeneza felti. Felti ni kitambaa cha sufu ambacho hakisokotwi wala hakifumwi. Sufu ya kondoo inaoshwa, inachanwa kwa brashi mbili zenye meno ya waya mpaka inakuwa laini kama wingu, kisha inapangwa tabaka juu ya tabaka, inamwagiwa maji moto yenye sabuni na kusuguliwa. Basi. Siri iko ndani ya sufu yenyewe. Kila unyuzi wake umefunikwa na magamba madogo sana, yamelaliana kama vigae vya paa. Ukiulowesha kwa maji moto na sabuni na kuusugua, nyuzi zinatembea, zinaingiliana, na magamba yanashikana. Yakishashikana hayaachani tena. Ndiyo maana sweta ya sufu ikifuliwa vibaya inatoka imekuwa ya mtoto.

Kazi hii ni ya kale kweli kweli. Katika makaburi ya Pazyryk, kwenye milima ya Altai huko Siberia, ilipatikana felti iliyohifadhiwa na barafu kwa zaidi ya miaka 2,000. Kanisa nalo lina mtakatifu msimamizi wa mafundi wa felti: Mtakatifu Klementi wa Kwanza, Papa wa nne ukianza kuhesabu na Petro, tunayemkumbuka tarehe 23 Novemba. Hadithi ya zamani inasema kwamba alipokuwa safarini, miguu ikimuuma, aliweka sufu ndani ya viatu vyake. Kwa jasho na uzito wa mwili, alipofika akakuta sufu imekuwa kitambaa. Ni hadithi tu, lakini Shosho aliipenda, na aliisimulia kila alipopata mgeni.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Kusema ukweli, nilikuwa na njaa ya watu. Unapokosa kazi, watu hukuuliza kila siku "umepata?", nawe huanza kuwakwepa. Pale uani hakuna aliyeniuliza. Waliniuliza kama maji yangu bado yana moto.

Kisha tukapewa kazi ya nyumbani. Parokia ilihitaji kondoo kwa ajili ya pango la Krismasi. Kila mmoja atengeneze mmoja: viringisha sufu iwe mpira wa kiwiliwili, mpira mdogo wa kichwa, sugua mpaka ishikamane, unganisha. Kazi ya mwanafunzi wa kwanza kabisa. Mimi nikaona sufu ya Shosho ina rangi ya vumbi, nikataka kondoo wangu awe mweupe wa kung'aa. Nikanunua uzi mzuri wa sufu mjini, nikauviringisha mpira, nikatia maji moto na sabuni, nikasugua. Nilisugua jioni nzima. Kesho yake nikasugua tena mpaka vidole vikachubuka. Kila nilipoachia, ule uzi ulifumuka kama vile hakuna kilichofanyika. Nikajiambia: hata hili limekushinda. Chuo umemaliza, kazi huna, na mpira wa sufu pia umekushinda.

Wiki hiyo nilikuwa na safari ya Nairobi. Pale barabara inapopanda mteremko wa Bonde la Ufa, wanakouza ngozi za kondoo na kofia za manyoya, nikamwona mama mmoja ana wanyama wadogo wa felti. Nikanunua kondoo mmoja, mweupe, mwenye masikio madogo yaliyokunjwa vizuri ajabu. Nakuapia, wakati wa kununua sikuwa nimepanga kudanganya. Nilitaka mfano wa kuutazama. Lakini Jumamosi, kila mtu alipotoa wake, mimi nilitoa yule. Sikusema "nimetengeneza". Nilimweka mezani tu, nikanyamaza, na kimya changu kikasema kila kitu.

Walifurahi jamani! Shosho alimgeuzageuza, akaniita fundi. Mama mmoja akasema, "Tufundishe haya masikio. Umeyafanyaje?" Nikacheka, nikasema ni siri. Watu wakacheka pia. Mwisho wa kikao wakaamua kwamba mwezi unaofuata nitawafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu.

Nilikwenda nyumbani nikijitetea. Nani ameumia? Mama wa barabarani amelipwa pesa yake yote, sikupunguziwa hata shilingi. Parokia imepata kondoo mzuri. Kikundi kimefurahi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alitofautisha uongo wa mzaha, uongo wa kusaidia na uongo wa kudhuru, akafundisha kwamba ule wa kudhuru ndio mzito zaidi. Wangu haukudhuru. Nilisahau sehemu ya pili ya mafundisho yake, kwamba yote mitatu bado ni dhambi. Na Katekisimu, namba 2481, inayaweka majivuno waziwazi kati ya makosa dhidi ya ukweli.

Majilio yalipokaribia nikaenda kitubio. Nilieleza jambo hili mwishoni kabisa, haraka haraka, kama mtu anayetaja kisichohusu, nikaongeza: "Lakini Padre, hakuna aliyeumia." Nilitegemea anikaripie, au aniambie ni dogo. Aliniuliza swali moja tu: "Na sasa ukitaka kujifunza, utamuuliza nani?"

Nilikosa jibu. Ni kweli, sikuwa na wa kumuuliza. Tangu siku ile niliyoitwa fundi, sikuwa nimeuliza swali hata moja. Ningeulizaje kwa nini mpira unafumuka, wakati ninasifiwa kwa masikio? Nilikaa katikati ya watu wanane wanaojua nisichokijua na walio tayari kunipa, nami nilikuwa nimejifungia mlango kwa mikono yangu. Nikaona pia kwamba upendo wao haukuwa unanifikia. Walikuwa wanampenda yule fundi. Mimi mwenyewe, yule ambaye mpira umemshinda, sikuwa nimewahi kuonekana pale.

Jumamosi nikaenda na ule uzi wangu uliofumuka ndani ya mfuko wa plastiki. Nilisubiri tusali sala ya kuanza, nikasema kabla sijapoa: "Yule kondoo si wangu. Nilimnunua barabarani. Mimi sijaweza hata mpira."

Pakawa kimya. Yule mama wa masikio aliangalia beseni lake, na siku hiyo yote hakunisemesha. Sikumlaumu. Lakini Shosho alinyoosha mkono, akachukua uzi wangu, akauvuta, akaunusa. Kisha akauliza kama bado nina karatasi yake. Nilikuwa nayo. Kijana mmoja akamsomea: unaweza kufuliwa kwa mashine.

"Mjukuu wangu," akasema Shosho, "hii hata ningesugua mimi mpaka Pasaka isingeshika."

Akanieleza. Kiwandani kuna sufu inayotiwa dawa ili isiharibike kwa kufuliwa. Magamba yake yanapunguzwa makali au yanafunikwa, unyuzi unakuwa laini, unateleza. Ni nzuri kwa sweta ya mtoto. Kwa felti haifai, kwa sababu hakuna kitu cha kushikana. Maelezo yote hayakuchukua hata dakika moja. Dakika hiyo moja ilikuwa inanisubiri pale uani wiki zote zile, kama ningekuja tu na aibu yangu na kuuliza.

Rafiki yangu, tangu siku hiyo ninafikiri kwamba sisi vijana tunajitia dawa ileile. Tunajilainisha. Picha nzuri, habari nzuri, "niko poa tu". Magamba yetu, yaani kutojua kwetu, kukosa kazi, kushindwa, tunayafunika tusionekane. Halafu tunashangaa: niko kwenye kwaya, niko kwenye jumuiya, niko kwenye kikundi cha vijana, mbona najisikia peke yangu? Tumekaa pamoja, ila hatujashikamana. Tunateleza.

Sasa naweza kulijibu swali langu. Uongo usiomuumiza mtu haupo, kwa sababu kwanza unamwondoa aliyeusema kati ya wenzake. Na kama ukichunguza vizuri, unagusa wengine pia. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi inatoka kwanza kwa anayeifanya, kwa kuwa ni mtu. Yule mama wa barabarani ni mtu. Nililipia kondoo wake. Sifa yake sikuilipia, niliichukua bure. Nilipopita tena njia ile nilishuka kumtafuta. Hakuwapo. Mwenzake aliniambia amerudi kwao, na hajui kama atarudi. Deni hilo bado ninalo. Yapo mambo ambayo ni kama felti: yakishashikana huwezi kuyarudisha yalivyokuwa, hata ukitubu. Unachoweza ni kusema ukweli kuanzia hapo. Ndiyo maana, kila ninapoulizwa juu ya yule kondoo wa pangoni, ninasema: alitengenezwa na mama mmoja wa kule mteremkoni, fundi kuliko sisi sote.

Napenda ile habari ya Matendo ya Mitume, sura ya 18. Paulo anafika Korintho, mji mgeni. Anakutana na Akila na mkewe Priskila, anakaa kwao na kufanya kazi nao, kwa sababu ufundi wao ni mmoja: kushona mahema. Mtume mkubwa vile, na urafiki wake na wawili wale ulianzia kwenye kazi ya mikono. Nadhani ukifanya kazi na mtu kila siku huwezi kumficha mishono yako mibaya. Anaiona, na wewe unaiona yake.

Nilitengeneza kondoo mwingine, kwa sufu ya Shosho, ile yenye rangi ya vumbi. Ameinama upande mmoja na masikio yake hayalingani. Krismasi alikaa nyuma ya pango karibu na punda, mahali pasipoonekana sana. Yule mama wa masikio ndiye aliyemweka pale. Alipomaliza aliniita, akasema, "Njoo Jumamosi mapema. Hayo masikio tuyatafute pamoja."

Wiki hii jiulize: ni swali gani naogopa kuliuliza kwa sababu tayari nimejifanya najua? Nani angeweza kunijibu kwa dakika moja?

Tusali. Ee Yesu, uliyejifunza kazi katika nyumba ya Yosefu, hukuona aibu kuwa mwanafunzi. Utuondolee hofu ya kuonekana tulivyo. Utupe wenzetu wa kweli, na utufanye sisi kuwa wa kweli kwao. Mtakatifu Klementi, utuombee. Amina.