Mama akilia kikaoni

Katika vikao vyetu mama akisimama kueleza shida yake huku analia, mara husikika sauti: "Mwacheni kwanza atulie, ndipo aseme." Yaonekana ni huruma. Lakini akishatulia, mara nyingi kikao kimekwisha. Je, ni kweli kwamba uchungu hufunga akili?

Kuhani Eli alimwona Hana akiomba kwa uchungu, akadhani amelewa. Alikuwa mtumishi wa Mungu, na bado hakuelewa kilichokuwa mbele ya macho yake.

Mwanafalsafa Alison Jaggar, mtetezi wa wanawake, aliandika mwaka 1989 kwamba hisia si adui wa maarifa. Mtu aliyewekwa chini huweza kuona hasira pale ambapo wengine wanaona mambo yako sawa, na hasira hiyo yaweza kuwa dalili ya kwanza ya kosa ambalo bado halijapewa jina.

Hapa Rwanda jambo hili lilionekana. Jean-Paul Akayesu, meya wa komini ya Taba wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, alishtakiwa bila ubakaji kutajwa. Kesi ilianza Arusha Januari 1997. Mama mmoja shahidi akasema binti yake mdogo alibakwa. Majaji, akiwemo Navanethem Pillay, mwanamke pekee kati yao watatu, hawakulipita neno hilo. Juni mwaka huo mashtaka yakaongezwa, na tarehe 2 Septemba 1998, kwa mara ya kwanza, mahakama ya kimataifa ikaamua kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Mtu atasema: hata redio RTLM ilijaa hisia. Kweli, ilichochea hofu na chuki, na watu wakaua. Lakini chuki ile haikukubali kuulizwa. Akina mama wa Taba waliulizwa maswali na mawakili wa mshtakiwa, wakajibu.

Tena, wazee wetu nao wana hisia. Wanyarwanda husema machozi ya mwanaume hutiririka kwenda tumboni. Mzee anayesema taratibu, "Tuyamalize nyumbani," huenda anaogopa aibu ya ukoo. Ila hofu yake sisi twaiita busara.

Basi kikao kijacho tunaomba mama apewe kiti, maji na muda. Katibu aandike maneno yake jinsi yanavyotoka. Kisha aulizwe, na wazee nao waulizwe.