Simu ya Mama

Mama yake alikuja shuleni Alhamisi, saa nne asubuhi, na kanga ya sokoni kiunoni. Nilipoambiwa ananitafuta mimi, nilijua nimeshtakiwa. Kumbe alikuja kuomba ratiba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Nimekuja kuuliza, zile kazi za simu unatoa siku zipi? Nikijua mapema, naenda kuchaji."

Niko kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo, sehemu ya masomo yangu ya uzamili, katika sekondari ya kata nje kidogo ya mji wa Morogoro. Nafundisha Biolojia kidato cha pili. Darasa lina wanafunzi 71, na maabara ina moyo mmoja wa plastiki uliopotelewa na kipande. Basi nilipofika mada ya mzunguko wa damu nikatafuta video ya dakika sita, nzuri kwelikweli, moyo unadunda na damu inapita kwa rangi mbili. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kazi: tazama, kisha chora njia ya damu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo simu ninayoizungumzia hapa ni ya mzazi siku zote. Wakati ule sikulifikiria hilo hata dakika moja.

Mchoro wa binti yake ulikuwa bora kuliko yote. Valvu zote nne, mishale yote mahali pake. Niliuinua juu darasa zima liuone.

Tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, mama akanisimulia usiku wa mchoro ule, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kwake. Video ilikuwa ya Kiingereza, kama Biolojia yote ya sekondari, na msemaji wake ana haraka. Binti akairudia mara nyingi hadi simu ikazima. Nyumbani hakuna umeme. Simu huchajiwa kwa kinyozi kwa shilingi 300. Saa kumi alfajiri gari la mboga likashuka kutoka Mgeta. Dereva huwapigia wanawake walioagiza. Wa kwake hakupatikana, na karoti zake wakapewa wengine. Siku hiyo hakuwa na cha kuuza.

Nikasema haraka, kwa aibu: "Nisamehe mama. Kuanzia sasa nitamwondoa kwenye kazi za simu. Yeye nitampa ya daftari."

"Yeye peke yake?"

"Ndiyo."

"Hapana, mwalimu. Hapo utakuwa umelitangazia darasa zima kwamba kwetu hakuna umeme."

Kwenye semina chuoni tunabishana sana kuhusu haki darasani: kumpa kila mtoto kitu kilekile, au kumpa kila mmoja anachohitaji. Kwenye karatasi jibu la pili hushinda, na mimi mwenyewe nimeliandikia kurasa ishirini. Pale kwenye benchi yote mawili yalianguka. La kwanza lilikuwa limekula karoti za mama. La pili lilitaka kula heshima ya mtoto.

Tangu Januari 2016 sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Lakini usiku ule mimi nilitoza. Nilitoza chaji, usingizi na mzigo wa mboga, bila risiti na bila kuidhinishwa na yeyote. Niliagiza mtoto, nikachukua kwa mama. Daftari ni la mwanafunzi. Simu ni ya nyumba nzima, ndiyo duka, ndiyo benki, ndiyo kengele ya alfajiri.

Rafiki yangu tunayesoma naye anasema nakuza mambo, kwamba wazazi wametoa siku zote. Ni kweli. Mama yangu alinichomea mafuta ya taa miaka minne. Ila yeye alikuwa akiyaona yanavyopungua kwenye chupa, na ndiye aliyesema zima taa au endelea. Mama huyu alijua ametoa baada ya kuwa ametoa. Na hata ruhusa aliyoniletea Alhamisi sijui niipokee vipi, maana mtu anayeogopa mwanawe asiachwe nyuma atakubali karibu lolote.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule humtoa mtoto katika maisha ya jamii yake. Mimi nimefanya kinyume, nimeiingiza shule ndani ya nyumba za watu bila hodi.

Bibi mzaa mama alisoma kwa redio. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni mbili nchini walikaa kwenye vikundi kusikiliza vipindi vya Radio Tanzania, kisha wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kikundi cha bibi kilikaa chini ya mwembe wa jirani. Nilimuuliza nani alinunua betri. Akacheka. "Tulichanga. Zikichoka tulizianika juani, zikapata nguvu kidogo." Redio ilikuwa ya mtu mmoja, lakini betri zilipokwisha, zilikuwa zimewaishia wote.

Sasa nikipata video naipakua mimi. Saa tisa masomo yakiisha tunafunga madirisha kwa maboksi, kompyuta yangu juu ya meza mbili zilizopandishwa, na spika niliyoazima kwa mwalimu wa kwaya. Naisimamisha kila baada ya nusu dakika, naeleza kwa Kiswahili, ingawa kanuni ya lugha naijua. Wa nyuma hawaoni vizuri. Wanaokaa mbali wanachelewa kufika nyumbani, na kuna wasichana ambao sitaki wachelewe, kwa hiyo hata hili lina bei, nalo sijalimaliza.

Juzi usiku simu yangu iliita.

"Mwalimu, mbona wiki hii hujatuma kazi? Mimi nimeshachaji."