Injini Gani Ndani ya Bodi ya Cobra?

Gari la nakala halina hata ubao mmoja wa merikebu ya Theseus. Katika kisa alichokiandika Plutarch, mbao zilizooza zilitolewa moja baada ya nyingine, na waliobishana kama chombo ni kile kile walikuwa angalau na historia yake ya kushikilia. AC Cobra inayoundwa leo kwa faibaglasi, iwe Massachusetts au Gqeberha kule Afrika Kusini, haina historia hiyo: bodi ni mpya, chesisi ni mpya, hata kutu yake bado haijazaliwa. Ajabu ni kwamba wapenzi wa gari hili hawagombani sana juu ya viti wala breki. Ugomvi wao ni injini. Wapo wanaoshikilia kwamba nakala yenye heshima ni ile iliyofungwa injini ya Ford ya miaka ya 1960, ile V8 ya inchi za ujazo 427, na kwamba injini ya kisasa ni usaliti. Mimi naona kinyume chake. Uaminifu wa nakala haumo katika umri wa chuma chake, na anayeisaka injini ya zamani kwa hoja ya ukweli anaikimbia hoja yake mwenyewe.

Tuanze na asili. Bodi hii ilitoka kwa AC Ace, gari dogo la Kiingereza la watu wawili, lisilo na paa, lililoanza kuuzwa miaka ya 1950 mwanzoni likiwa na injini ya AC yenyewe, ya silinda sita, ambayo usanifu wake ulikuwa wa tangu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipomalizika. Baadaye ikaja injini ya Bristol, yenye nasaba ya BMW ya kabla ya Vita vya Pili. Bristol ilipoacha kuitengeneza, AC ikageukia ile ya Ford Zephyr. Hapo ndipo Carroll Shelby, Mmarekani wa Texas aliyeshinda Le Mans mwaka 1959 kisha akaacha mashindano kwa maradhi ya moyo, alipoiandikia AC akiomba gari litakalobeba V8 ya Kimarekani. Chevrolet walimkatalia. Ford walikuwa na V8 mpya, nyepesi, iliyokusudiwa magari ya kawaida ya familia, wakampa. Mwaka 1962 gari la kwanza likawaka California na injini ya inchi 260, ikafuata ya 289, kisha ile kubwa ya 427. Bodi moja, na marekebisho yake, ilipokea injini za koo mbalimbali katika muda wa miaka kumi na kitu. Hakuna hata moja iliyozaliwa pamoja nayo.

Na ile 427 yenyewe, kipimo cha wenye msimamo mkali, haistahimili hesabu. Ukipima kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni, ujazo wake halisi ni inchi 425 hivi; namba 427 ililingana na kikomo cha lita 7 katika mashindano. Isitoshe, baadhi ya Cobra za barabarani zilizouzwa kwa jina hilo zilitoka na injini ya Ford 428, ndugu yake wa bei nafuu, ambayo ukiipigia hesabu unapata karibu 427 kamili. Yaani injini iliyodaiwa kuwa bandia ililikaribia jina kuliko yenye jina. Tukitumia sheria ya wakali hawa, magari kadhaa halisi yatafukuzwa katika ukoo wao.

Nelson Goodman, katika kitabu chake cha mwaka 1968 juu ya lugha za sanaa, alitenganisha kazi zinazoweza kughushiwa na zisizoweza. Mchoro una nakala bandia, kwa sababu thamani yake imefungwa na mkono uliouchora. Wimbo wa taarabu ukiimbwa upya sawasawa, ni wimbo ule ule. Je, Cobra ni mchoro au wimbo? Ikiwa ni mchoro, hakuna injini itakayoiokoa nakala. Kuiweka 427 ya mwaka 1965 ni kuongeza ustadi wa kughushi tu. Ikiwa ni wimbo, basi kila gari ni uimbaji wake, na swali ni nini kinachopaswa kubaki. Kwa lugha ya wanazuoni, tutenganishe dhati na sifa. Dhati ya Cobra ni uwiano: bodi nyepesi, na injini yenye nguvu iliyochukuliwa kutoka magari yanayotoka kiwandani kwa wingi, ambayo fundi yeyote wa Ford angeweza kuifungua. Anayefunga leo V8 ya lita 5 ya Mustang ya kisasa anafuata fikra hiyo. Anayefunga injini adimu ya nusu karne iliyopita, nzito kwa karibu kilo 90 kuliko ile V8 ndogo ya mwanzo, amenunua masalia.

Atajibu kwamba gari halipandwi kwa akili, linapandwa kwa masikio na mgongo; kwamba kabureta zina harufu na mtetemo ambao kompyuta haina. Nakubali nusu. Lakini mngurumo ule hutokana kwa kiasi kikubwa na mpangilio wa krenki na zamu za silinda kuwaka, na V8 nyingi za Kimarekani, za zamani na za sasa, zinashiriki mpangilio huo. Harufu, kwa upande wake, ni petroli isiyoungua vizuri, na anayeivuta si dereva peke yake. Bodi ya gari hutazamwa na jirani, lakini injini huingia mapafuni mwake. Sheria ya Marekani ya mwaka 2015, inayomruhusu mtengenezaji mdogo kuunda hadi magari 325 ya nakala kwa mwaka, inaiacha sura ibaki ya kale ila inataka injini itimize masharti ya hewa ya siku hizi. Naona wabunge wale, pengine bila kukusudia, waligusa falsafa nzuri.

Basi kila kitu kitaruhusiwa? Chevrolet, naam, Shelby mwenyewe alibisha mlango huo kwanza, na anayekataa anatetea kabila la Ford, hatetei ukweli. Mota ya umeme ni ngumu zaidi. AC yenyewe ilitangaza Cobra ya umeme mwaka 2020, lakini betri huongeza uzito, na uzito ndio unaovunja uwiano ule. Siku betri zikiwa nyepesi, pingamizi langu litakufa, nami sitalililia.

Lipo pingamizi moja lenye makali zaidi. Shelby alikuwa na gari moja tu mwanzoni, akawa analipaka rangi mpya kabla ya kulikabidhi kwa kila gazeti ili ionekane anayo mengi. Tukisema nakala iifuate fikra ya mwanzilishi, je, iurithi na udanganyifu wake? Hapana, kwa sababu kinachofuatwa ni usanifu, si tabia ya msanifu. Lile gari lingekwenda vilevile likibaki na rangi moja. Lakini kibati cha 427 juu ya injini ya lita 5 hakina udhuru huo. Kinamwambia mnunuzi jambo kuhusu kilichomo chini ya boneti, na ndivyo walivyofanyiwa wale waliolipia 427 wakapewa 428.