Ndoto ya Kutisha na Nafsi ya Mwenye Kuiota

Mtu huota meno yake yameng'oka, au chombo chake kimezama mbele ya bandari, au maiti amemshika mkono akimwita; akaamka moyo wamwenda mbio na jasho lamtiririka. Kukipambazuka haendi kazini. Huenda kwa mwaguzi, akatoa fedha, akaambiwa kwamba yuko mtu katika jamaa zake amhusuduye. Tangu siku hiyo salamu ya jamaa yule huitikiwa kwa mashaka, na chakula kitokacho nyumbani kwake hakiliwi. Safari huvunjwa, posa hurudishwa, na undugu wa miaka mingi hukatika kwa sababu ya jambo lililoonwa na mtu aliyefumba macho. Suala lipasalo kuulizwa ni hili: je, khofu iletwayo na ndoto ina haki ya kumtawala mtu baada ya kuamka? Na kama haina, ndoto ile itupwe yote, au imo faida ndani yake?

Wako wasemao kwamba ndoto zote ni upuuzi. Kauli hii haisimami mbele ya Sura ya Yusuf. Mfalme wa Misri aliona ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na wakuu wake wakamwambia kuwa ni mchafuko wa ndoto tu. Yusuf alipotoa taabiri yake hakumtia mfalme khofu akamwacha nayo. Aliiunganisha maana na kazi: walime miaka saba mfululizo, na mavuno wayaache katika mashuke yake ila kidogo cha kula, ili iwepo akiba miaka ya shida ifikapo. Hapo ndipo ionekanapo tafauti ya mwenye elimu na mwaguzi wa mtaani. Wa kwanza humpa mtu jambo la kutenda lililo katika uwezo wake. Wa pili humpa mtu wa kumshuku, na hirizi ya kununua.

Katika hadithi aliyoipokea Muslim kwa njia ya Abu Huraira, Mtume (S.A.W.) amezigawanya ndoto mafungu matatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha itokayo kwa Shetani, na mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Fungu hili la tatu ndilo watu walisahaulo. Mwenye deni humwota mdai wake. Nahodha huota mwamba. Aliyekula mali ya yatima huota akifukuzwa, wala hamwoni amfukuzaye. Hawa hawakuletewa khabari ya kesho. Wameonyeshwa yale waliyokwenda kulala nayo jana, na mchana walikuwa na shughuli za kuwasahaulisha.

Ama ile ya kuhuzunisha, dawa yake imekwisha kutolewa. Abu Salama, katika tabiina, alikuwa akiota ndoto hata akashikwa na homa, mpaka sahaba Abu Qatada akamsimulia mafundisho ya Mtume: aamkaye na khofu ateme mate mepesi kushotoni mara tatu, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shari yake, ageuke ubavu aliolalia, wala asimhadithie mtu, nayo haitamdhuru. Katika riwaya nyingine, ainuke asali. Mambo haya yafaa kutazamwa vizuri. Hakuna hata moja lenye gharama, wala hakuna lipasalo kungojea asubuhi. Mwili ulioganda kwa jinamizi huambiwa ugeuke. Ulimi utakao kuitawanya khofu huambiwa unyamaze. Abu Salama alikiri kuwa ndoto zilizokuwa nzito juu yake kuliko mlima hakuzijali tena. Na Jabir amepokea khabari ya mtu aliyekuja akasema ameota kichwa chake kimekatwa. Mtume alicheka, akamkataza kuwasimulia watu jinsi Shetani amchezeavyo usingizini. Mwaguzi asingalicheka, kwani khofu ya watu ndiyo riziki yake.

Khatari iliyo kubwa zaidi ni ndoto kufanywa ushahidi juu ya mtu mwingine. Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790 wa Hijra, amesimulia katika kitabu chake al-Iitisam kwamba Khalifa al-Mahdi alimtisha kadhi Sharik bin Abdillahi kwa upanga, kwa kuwa ameota kadhi yule akikanyaga zulia lake huku amempa kisogo, na mfasiri akasema huyo ni mtu aonyeshaye utii na kuficha uasi. Sharik alimjibu kuwa ndoto ya khalifa si ndoto ya Nabii Ibrahimu, wala mfasiri wake si Yusuf. Itakuwaje shingo za Waislamu zikatwe kwa ndoto za uwongo? Khalifa akaona haya, akamwambia atoke. Ikiwa mwenye dola amekatazwa na kadhi wake kuhukumu kwa ndoto, mume amshukuye mkewe, au mtu amwitaye jirani yake mchawi, kwa hoja kama ile, ana udhuru gani?

Walakini watu hupenda vitabu vya taabiri, na husoma humo kana kwamba wanasoma bei za sokoni: nyoka ni adui, mvua ni rehema. Kitabu kikubwa kitajwacho kwa jina la Ibn Sirin, yule mfanya biashara ya nguo wa Basra aliyefariki mwaka 110 wa Hijra, wahakiki wamebainisha kuwa si yeye aliyekiandika. Cha Sheikh Abdulghani Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1143 (1731), ni chake kweli, nacho kimepangwa kwa herufi. Husimuliwa kwamba watu wawili walimjia Ibn Sirin, kila mmoja ameota akiadhini. Mmoja alimbashiria kwenda Hija, na wa pili akamwambia kuwa atakatwa mkono kwa wizi, kwa kuwa alimwona si mwema. Ndoto ilikuwa moja, ila waotaji hawakuwa hali moja. Herufi za kitabu hazimjui mwenye kuzifungua.

Matabibu wa leo nao wamepata njia. Mwenye kurudiwa na jinamizi hufundishwa, hali yu macho, kuibadili ile ndoto apendavyo, kisha kuipitisha mpya akilini kila siku. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya wanawake walionajisiwa, na jinamizi zao zilipungua kwa njia hiyo. Basi aliyenusurika katika vita au chombo kilichozama, akawa halali usiku, na amwendee tabibu. Kumweleza yule atibuye si kueneza. Kilichokatazwa ni kuipa khofu watu wa kuilea.

Atauliza mtu: kama ndoto mbaya haisimuliwi, mbona Abdallah bin Umar aliisimulia yake? Alikuwa kijana asiye na mke, akilala msikitini. Akaota malaika wawili wamemchukua hata Motoni. Umejengwa kama kisima, na ndani yake wamo watu awajuao. Akawa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu, na malaika mwingine akamwambia asiogope. Khabari hii imo katika Bukhari. Hakumpelekea kila mtu; alimwambia dada yake Hafsa, mkewe Mtume, ampendaye na mwenye elimu. Hafsa akamfikishia Mtume, naye akasema kuwa Abdallah ni mtu mwema, lau angalisali usiku. Hakutafutwa adui, wala hapakutajwa siku ya mauti. Kilichotazamwa ni upungufu wa mwenyewe aliyeota, na jambo aliloelekezwa lilikuwa jema hata kabla ya ndoto ile. Ndoto haikuzusha sharia mpya. Khofu ilimkuta kitandani ikamsimamisha kwenye msala. Mwanawe Salim ameeleza kwamba tangu hapo Abdallah hakuwa akilala usiku ila kidogo, naye aliishi hata ukapita mwaka 70 wa Hijra.