Noeli ya Wasio na Kwao

Wanangu, haya niliyasema mwaka jana, na mwaka juzi pia, na Mungu akinijalia mwakani nitayasema tena. Najua mmeyachoka. Hata mimi nimeyachoka. Lakini Desemba imeingia, mvua imeshika, maembe yanaozea chini ya miembe kwa wingi wake, na nyinyi mmekwisha kuanza kupigiana simu: sare ya kitenge ni ipi, nani achinje, nani anapanda treni ya siku gani kutoka Dar. Kabla hamjafika mbali, hebu kaeni kidogo.

Sina ugomvi na kitenge. Na simu zenu pia nimezisamehe, ingawa usiku wa mkesha, Mtoto anapolazwa pangoni, mnazinyanyua wote kwa pamoja, na sisi wafupi tunabaki kutazama migongo. Mapadre wamesema, hamkusikia, basi. Wala sitawahubiria habari za nyumba ya wageni ya Bethlehemu iliyojaa watu. Padre huisema kila mwaka, na anaisema vizuri kuliko mimi. La kwangu ni dogo, linahusu nusu saa tu: ile nusu saa baada ya baraka ya mwisho, pale nje ya kanisa, mnapopeana mikono na kupanga nani apande gari la nani.

Mmewahi kuitazama? Watu hutoka kwa makundi. Ukoo huu hapa, ukoo ule kule. Mama mmoja anahesabu watoto, wametimia, hapana, mmoja yuko bado anashangaa kondoo wa udongo pangoni. Noeli njema, Noeli njema, salimia nyumbani. Bodaboda zinanguruma, magari yanatoka moja moja, uwanja unapungua. Halafu wanaonekana waliobaki. Binti wa chuo cha uuguzi aliyewekwa zamu hospitali ya Kitete, asiyeweza kwenda kwao Songea na kurudi kwa siku mbili. Kijana wa Chuo cha Reli ambaye nauli imemshinda. Mlinzi wa duka aliyevaa shati lake jeupe la pekee. Mzee mjane ambaye watoto wake humtumia pesa kwa simu na kudhani yamekwisha. Utawatambua kwa simu zao: wameshika, wanatazama kioo bila kusoma kitu, waonekane wanasubiri mtu. Hawasubiri mtu. Wakiona uwanja umekuwa mweupe, wanaondoka kwa miguu.

Mtaniambia, babu, kila mtu na kwao. Hapo ndipo ninapowaomba masikio, maana Ukristo wa Tabora haukuanzishwa na watu wenye kwao.

Mnajua kwamba Kardinali Lavigerie aliwatuma Wamisionari wa Afrika, hao tuliowaita Mapadre Weupe, na kwamba wa kwanza wao walitoka Bagamoyo mwaka 1878 na msafara wa wapagazi. Padre Pascal alifia njiani, hakuiona Unyanyembe yetu hii. Waliofika waligawana njia, wengine Ujiji, wengine Buganda kwa Mutesa. Hayo mnafundishwa katika mafundisho ya kipaimara. Msichoambiwa sana ni nani waliokaa kwenye mabenchi ya kwanza walipokuja kujenga misheni ya Kipalapala, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Hawakuwa watu wa Isike, mtemi wa hapa. Isike alikuwa na mambo yake, na wageni wale hawakumpendeza sana. Waliojaa Kipalapala walikuwa watoto waliokombolewa utumwani.

Msipite haraka hapo. Tabora hii ilikuwa soko. Mtoto alikamatwa huko Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akavushwa ziwa, akatembezwa kutoka Ujiji mpaka hapa, na hapa akauzwa kwa vitambaa. Mapadre walilipa vitambaa hivyo wakamchukua. Wasomi wengine husema kununua kule, hata kwa nia njema, kuliipa biashara ile mteja mwingine. Wana hoja, sibishani nao. Ila mtoto mwenyewe, aliyekombolewa akiwa hajui hata jina la kijiji chake, yeye angewajibu nini? Lugha ya mama yake hakuna wa kuongea naye. Shangazi hana. Sikukuu ya Noeli ikifika haendi kula kwa mtu, kwa sababu hakuna mtu. Alikula na wenzake, kila mmoja kabaki peke yake katika ukoo wake, na wakawa ndugu kwa kuwa hawakuwa na namna nyingine. Hao ndio wakubwa zetu katika imani. Mkikaa kanisani kwa koo zenu, mkumbuke kwamba wenye kanisa hawakuwa na ukoo.

Mmoja wa waliokombolewa namna hiyo mnamjua kwa jina: Adrian Atiman. Kwao ni mbali sana, ukingoni mwa mto Niger. Aliuzwa akiwa mdogo, mapadre wakamkomboa huko Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari, naye akaletwa huku kwa njia hii ya misafara hadi Karema mwaka 1889. Akakaa hapohapo, akaoa hapohapo, akitibu na kufundisha katekisimu, mpaka alipokufa mwaka 1956. Mwanawe akawa padre. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto, na wazee wa Tabora walikuwa bado wanamtaja kana kwamba ni jirani, ingawa Karema si karibu. Sijapata kusikia mtu akiuliza Atiman alikuwa kabila gani.

Kipalapala yenyewe haikudumu. Mwaka 1889 mapadre waliondoka, mambo na Isike yalikuwa yameharibika, na Isike naye Januari 1893 alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Wajerumani walipoingia. Kipalapala ilikuja kuamka mwaka 1925 kama seminari kuu. Mwaka huohuo Unyanyembe ikabadilishwa jina la kikanisa kuwa Tabora, na Roma ikamtangaza Theresia wa Mtoto Yesu kuwa mtakatifu, huyo ambaye kanisa kuu letu limewekwa chini ya jina lake. Yeye hakusafiri kwenda misioni yoyote, alifia konventini Ufaransa, na bado akafanywa msimamizi wa misioni. Kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba hana nafasi ya kusaidia kwa kuwa hajatoka nyumbani.

Msidhani pia kwamba jambo hili la kumfanya mgeni ndugu lililetwa na wazungu. Njia ya misafara ilikuwa na sheria yake kabla ya padre yeyote. Mnyamwezi aliyebeba frasila mbili begani kutoka hapa hadi pwani alipita kwa Wagogo, akapita kwa Wazaramo, akiugua akaachwa katika kijiji asichokijua. Nani amzike? Mtani. Utani huu mnaofanyia mchezo kwenye harusi, kutukanana na kunyang'anyana soda, ulikuwa na kazi nzito: mtu akifa mbali, mtani ndiye aliyechimba kaburi na kuosha maiti, akachekesha waliofiwa, akalipwa kuku. Wapagazi walijua kwamba safari ndefu bila ndugu wa kubuni haiwezekani.

Na mkienda kutembea Kwihara, kwenye lile tembe la Livingstone mnalopigia picha, mwulizeni mwongozaji habari za Susi na Chuma. Livingstone alikaa pale mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na mwaka uliofuata alikufa kusini, nchi ambayo sasa ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wakaubeba. Walipofika hapa Unyanyembe, Oktoba 1873, walimkuta Mwingereza mmoja, Cameron, akawashauri wamzike marehemu hapahapa, njia ni mbaya. Wakakataa. Walimfikisha Bagamoyo mwezi Februari 1874. Susi alitoka Msumbiji, Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani. Marehemu hakuwa ndugu yao kwa damu. Mtu asiye na ndugu karibu walimbeba miezi tisa, na nyinyi mnashindwa kumbeba mwuguzi kwa gari la Noah, kilomita tatu, akale pilau.

Nimekasirika kidogo, niwieni radhi. Ni umri.

Sasa nisikilizeni namna ya kufanya, maana nawajua. Mkisikia jambo jema mnaunda kamati. Mtataka mweka hazina, mchango wa shilingi elfu kumi, fulana zenye maandishi, na kundi la WhatsApp lenye jina refu. Sitaki kamati. Jambo hili likipewa mwenyekiti linakufa Januari. Nataka sahani moja katika kila nyumba.

Mkimwona mtu wa simu isiyosomwa, msimwambie «karibu siku moja». Hiyo ni namna ya kistaarabu ya kumfukuza. Mwambieni «twende». Akikataa mara ya kwanza, ni adabu, mwambieni tena. Akifika nyumbani msimwulize kabila kabla hajanawa mikono. Msimpige picha. Msimtake aeleze shida zake mbele ya watoto, wala msimkalishe peke yake sebuleni kwenye televisheni kama fundi anayesubiri malipo, aingie jikoni, amenye vitunguu, atumwe maji. Mgeni anayetumwa maji amekwisha kuwa mwenyeji.

Mama zenu hili wanalijua kwa upande mmoja. Mchana wa Noeli sahani zilizofunikwa kawa huvuka uzio kwenda kwa majirani Waislamu, na Idi zinarudi zimejaa. Hiyo ndiyo Tabora, na msiiache. Lakini hainiingii akilini sahani ivuke uzio na isimfikie aliyekaa nawe benchi moja, mkapeana amani, ukamshika mkono.

Nyama haitoshi? Mvua imenyesha, uyoga uko Kipalapala na Itaga kote, mwanamke yeyote wa sokoni atakuuzia. Ugali upo. Watu wa Ulyankulu walikimbia Burundi mwaka 1972 wakiwa na vifurushi tu, wakapewa msitu, na kutoka msitu huo zikatoka kwaya ambazo nchi nzima inaziimba. Mniambie basi kwamba sisi wa mjini, wenye majiko ya gesi, tumeshindwa na kuku mmoja wa ziada.

Mwaka huu magoti hayatanifikisha mbele. Nitakaa benchi la mwisho, mlangoni, mahali ambapo kila anayetoka lazima anipite. Sitawauliza mlitoa sadaka kiasi gani. Nitatazama magari yenu tu, na nikiona kiti kitupu nitauliza ni cha nani.